Mwanangu wa miaka minne anashinda akicheza: nimtafutie tyusheni?

Swali: Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu na wa kike wa miezi minane. Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, tunaishi Nzuguni. Asubuhi natoka kabla hakujapambazuka vizuri kwenda kazini Mtumba, narudi giza likiingia. Mkubwa anasoma chekechea. Mtoto wa jirani wa umri huohuo anahesabu mpaka mia na kusoma silabi. Wangu akirudi shule anashinda na bibi yake, mama mkwe wangu aliyetoka Kongwa kuja kutusaidia, wanafinyanga ng'ombe wa udongo mpaka jioni. Mume wangu anataka tumtafutie mwalimu wa tyusheni. Bibi anasema tumwache mtoto acheze. Mimi nimebaki katikati. Nikirudi nimechoka, nampa simu aangalie katuni, na hata nikitaka kucheza naye sijui nianzie wapi. Mchezo huu una faida kweli, au anapoteza muda?

Jibu: Dada yangu, katika mvutano huu mimi nipo upande wa mama mkwe wako. Lakini "mwacheni mtoto acheze" halimtoshi baba aliyesikia mtoto wa jirani amefika mia, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nawe utachagua cha kumfikishia.

Tuanze na hiyo mia. Mtoto wa miaka minne anaweza kutaja namba kama anavyoimba wimbo, bila kujua kila namba imebeba nini. Jaribu leo: mwaga vifuniko vya soda mezani, umwambie mtoto yeyote wa umri huo, "Nipe vinne." Wapo wanaohesabu hadi ishirini bila kukosea, ambao watakukombea gao zima la vifuniko wakukabidhi. Watafiti wa makuzi wamelitumia jaribio hili miaka mingi, na kila mara linaonyesha kwamba kutaja namba kwa mpangilio huja mapema, ila kuelewa idadi huchelewa na huja kwa hatua: mtoto anaelewa moja, baada ya miezi anaelewa mbili, kisha tatu. Hesabu za darasa la kwanza zinajengwa juu ya huko kuelewa. Simdharau mtoto wa jirani, huenda anayo yote mawili. Ila mia ya mdomoni peke yake haikwambii.

Sasa tuje kwa ng'ombe wa udongo. Ugogoni, yaani huko kwa Wagogo anakotoka bibi, ni nchi ya wafugaji, na watoto wa huko wamefinyanga ng'ombe tangu enzi. Bibi anajua anachofanya hata kama hajawahi kuhudhuria semina ya malezi. Mtoto anaanza kwa kuchanganya udongo na maji. Ukizidi maji, miguu inalegea na ng'ombe analala kifudifudi. Ukiwa mkavu, pembe zinapasuka. Anaongeza maji kidogo, anakanda, anajaribu tena. Hapo amekisia, amekosea na kurekebisha, na hakuna aliyemchorea kosa kwa kalamu nyekundu. Kisha lazima asubiri ng'ombe wakauke juani, na kusubiri kwa mtoto wa miaka minne ni kazi ngumu kuliko kuandika herufi *a* mistari kumi. Ukija ujenzi wa zizi la mabua, wakubwa wanakaa huku, ndama kule, huyu ana mimba, yule mgonjwa atengwe. Amepanga vitu kwa makundi, tena kwa sababu anazoweza kuzitetea. Jioni ng'ombe wanarudi kutoka malishoni na bibi anauliza, "Mbona nawaona watano? Yule mwenye pembe moja yuko wapi?" Hiyo ni hesabu ya kutoa, na mtoto anaielewa mara moja kwa sababu kuna ng'ombe amepotea na ni lazima atafutwe.

Na vidole vyake pia vinafanya kazi. Kushika penseli vizuri kwa vidole vitatu, bila kuikaba, watoto wengi huweza kati ya miaka mitano na sita, misuli midogo ya kiganja ikishakomaa. Kukanda udongo, kumenya karanga, kuchambua mboga na kukamua kitambaa ndiko kunakoikomaza. Kwa hiyo kazi za mistari za chekechea zikimfanya alalamike mkono unauma, usimwone mvivu.

Lipo jingine ambalo halionekani kirahisi, nami naliona kubwa kuliko hesabu. Mtoto akiigiza mchungaji, anajifunga kwa sheria za mchungaji: haruhusiwi kulala, haruhusiwi kuacha mifugo iingie shambani kwa watu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliandika kwamba mtoto katika mchezo wa kuigiza huwa juu ya umri wake. Wanafunzi wa mawazo yake walilipima hilo katika miaka ya 1940: watoto walioambiwa wasimame tu bila kutikisika walichoka upesi, lakini walipopewa nafasi ya mlinzi wa lindo katika mchezo, walisimama muda mrefu zaidi. Unaweza kuliona hata hapo Nzuguni. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watoto wanapanga viti sebuleni, mmoja anakuwa dereva, mwingine anakagua tiketi. Yuleyule aliyekushinda kumkalisha mezani dakika mbili atakaa kwenye "behewa" lake kimya mpaka atangaziwe Morogoro. Kujizuia, kungoja zamu, kukumbuka nafasi yako ni ipi na kuibadilisha mkikubaliana: muulize mwalimu yeyote wa darasa la kwanza lenye watoto wengi angependa wamfikie wakiwa na nini, atakutajia hayo kabla ya silabi.

Mumeo akitaka ushahidi mzito zaidi, mweleze habari ya Jamaika. Mwaka 1986, jijini Kingston, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza. Baadhi walitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii mara moja kwa wiki, kama saa moja hivi, kwa miaka miwili, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata nyongeza yoyote. Miaka ishirini baadaye, wale waliochezewa walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakuchezewa. Lishe ya nyongeza peke yake haikuacha alama hiyo kwenye kipato. Wala usinielewe kwamba chakula si kitu. Katika nchi ambayo utafiti wa afya ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, uji wenye karanga unabaki palepale. Ninachosema ni kwamba mchezo nao uko kwenye orodha ya mahitaji. Ndivyo inavyosema hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: kifungu cha 8 kinataja kucheza na kupumzika miongoni mwa anavyopaswa kupewa mtoto na mzazi wake, pamoja na chakula, malazi na mavazi.

Zingatia pia nani alikuwa akifundishwa kule Kingston. Ni mama. Mhudumu alikuja na kuondoka; aliyebaki na mtoto siku sita nyingine za wiki ni mama yake. Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike.

Hujui uanzie wapi kwa sababu unafikiri wewe ndiye wa kuanza. Usianze. Ukirudi, oga, badili nguo, weka simu chumba kingine, kaa chini alipo mtoto na unyamaze kidogo. Atakupa kazi. Pengine atakwambia wewe ni ng'ombe mgonjwa, basi ugua. Au atakupa kikombe kitupu cha chai. Kinywe, ulalamike sukari haitoshi. Dakika kumi na tano za namna hiyo zinatosha siku ya kazi, na hazihitaji nguvu nyingi, maana ng'ombe mgonjwa hulala chini. Kinachowaharibia wazazi wengi ni ualimu. Mtoto anajenga zizi, mama anauliza: hii rangi gani? Haya mabua mangapi? Taja kwa Kiingereza. Mchezo unakufa hapohapo, umekuwa mtihani. Badala ya kuuliza, sema unachokiona: "Naona umemweka ndama karibu na mama yake." Kisha nyamaza tena. Utashangaa maneno yatakayotoka.

Na sikiliza anachoigiza, kwa sababu mtoto wa umri huu hana uwezo wa kukukalisha akakwambia, "Mama, kuhama kulinisumbua." Atacheza mama anayeondoka na mkoba, na mtoto anayelia mlangoni. Atacheza baba anayefoka kwenye simu. Akikupa nafasi ya mtoto anayelia, lia kidogo, halafu muulize yeye mama: "Utarudi?" Jibu atakalokupa litakueleza hali yake kuliko kumhoji mezani. Familia nyingi zilizohamia hapa kikazi tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016 ziliwaacha nyuma binamu, mashangazi na majirani wa miaka mingi. Watu wazima tuna vikundi vya simu vya kutuliza hayo. Mtoto ana mchezo.

Zile siku ambazo kweli huwezi hata kukaa chini, mchezo uingie kwenye kazi. Ukisonga ugali, mpe tonge afinyange. Kwenye kuoga, mpe makopo mawili na chupa iliyotobolewa, ingawa najua maji ya Dodoma yana mgao, kwa hiyo iwe ndani ya beseni na maji hayo yamwagiliwe mchicha baadaye. Wakati wa kulala, tega kitendawili kimoja, hata kile cha nyumba isiyo na mlango. Baba naye ana nafasi yake. Asiyetaka kushika udongo anaweza kuwa fahali anayepanda mlima na mtoto mgongoni; michezo ya nguvu ya baba, ya kubebwa, kusukumana na kukimbizana, inamfundisha mtoto kupima nguvu zake na kusimama akiambiwa basi. Tena ingependeza bibi amwonyeshe mumeo jinsi mumeo mwenyewe alivyokuwa akifinyanga alipokuwa mdogo. Siamini kama mumeo ataitaja tena tyusheni jioni hiyo.

Upungufu ninaouona kwenye barua yako haupo kwenye masomo, upo kwenye wenzake. Hukumtaja rafiki hata mmoja. Mitaa mipya ya Dodoma imejaa nyumba nzuri zenye uzio mrefu, geti limefungwa, uwanja wote umewekwa pevingi, na ndani yake mtoto mmoja au wawili. Kombolela haichezwi na mtu mmoja. Ongea na huyo mama jirani mwenye mtoto wa mia, Jumamosi jioni mfungue mageti, mtoto wake aje kwenu na wengine wa mtaa waje. Wakubwa wa miaka saba na nane watawafundisha wadogo rede, ukuti na kuruka kamba, na watagombana juu ya nani ametoka na nani yumo. Usikimbilie kuamua. Kubishana juu ya sheria na kufikia makubaliano ili mchezo uendelee ni somo ambalo mtu mzima hawezi kulifundisha kwa niaba yao. Mdako utakuja baadaye kidogo: kurusha kijiwe juu, kukomba vingine kutoka shimoni na kukidaka kabla hakijaanguka kunahitaji jicho na mkono ambao mtoto wa miaka minne bado hana, ila aketi atazame. Na kama kwenye kundi kuna binti wa miaka sita aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni huku kaka yake anacheza, mpokee huyo mdogo. Naye ni mtoto.

Nikija kwa binti yako wa miezi minane: barua haikusema anashindaje, lakini kwa kawaida ya nyumba zetu nakisia yuko mgongoni au amekalishwa kati ya mito. Mbeleko ni nzuri, inampa joto na sauti ya mlezi. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja, iwe mgongoni au kwenye kiti, zaidi ya saa moja mfululizo, na apate mchezo wa sakafuni mara kadhaa kwa siku. Tandika mkeka, mwekee sufuria ndogo, kijiko cha mbao na kopo la plastiki. Jifunike uso kwa kanga kisha ujifunue. Vile vifuniko vya soda, gololi, maharage na karanga viwe mbali naye kabisa. Karanga ikiingia kwenye njia ya hewa ya mtoto wa umri huo ni hatari ya kufa.

Kuhusu simu, mwongozo huohuo unasema mtoto chini ya miaka miwili asiwekewe skrini ya kutazama tu, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Katuni moja wakati unabadili nguo haitamharibu mwanao. Tatizo linaanza simu inapokula muda wa kukimbia na wa kulala: mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji angalau saa tatu za kuchangamsha mwili kwa siku, kati ya hizo saa moja iwe ya kuhema kabisa, na usingizi wa saa 10 hadi 13 ukijumlisha wa mchana. Ukipiga hesabu ya siku yake utaona mwenyewe tyusheni ingekaa juu ya kipi.

Hujaniuliza kuhusu uchafu, lakini nyumba nyingi mchezo wa udongo unazuiwa kwa sababu hiyo, na kwa mji wa vumbi kama huu hofu hiyo ina msingi. Kongwa anakotoka bibi ni moja ya maeneo yaliyofanyiwa utafiti mwingi wa trakoma, ule ugonjwa wa macho tunaouita vikope, na moja ya mambo yaliyothibitika huko ni kwamba uso safi unamkinga mtoto. Basi acheze, kisha anawe uso na mikono kwa maji na sabuni, na taulo lake liwe lake peke yake. Juni na Desemba usikose kliniki kwa matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Udongo uchotwe mahali ambapo hapapiti kinyesi cha mifugo wala maji ya choo. Ninachokiogopa zaidi Nzuguni ni ujenzi: mashimo ya vyoo yasiyofunikwa, misumari, mapipa ya maji. Bibi azunguke kiwanja asubuhi kabla mtoto hajatoka nje.

Tyusheni, basi, hapana. Sio kwa umri huu. Mtoto aliyekaa dawatini asubuhi nzima ameshakaa vya kutosha. Badala ya kutafuta mwalimu wa pili, nenda kamwone huyu wa kwanza. Mtaala wetu wa elimu ya awali unataka watoto wajifunze kwa vitendo na michezo, darasani pawe na kona za ujifunzaji zenye vitu vya kushika. Ukifika, tazama kama kona hizo zipo au ni ubao na madaftari tu. Uliza watoto wanatoka nje mara ngapi. Kama shule inajivunia kazi za nyumbani za kurasa tatu kwa mtoto wa miaka minne, inawafurahisha wazazi, na ningefikiria kumhamisha kabla ya kumwongezea masomo.

Liko jambo moja linalostahili haraka, nalo ni mtoto asiyecheza. Mtoto wa miaka minne asiyeigiza chochote, asiyegeuka akiitwa jina, asiyetafuta wenzake hata wakiwapo, anayerudia kitendo kilekile kwa saa nyingi na kukasirika sana kikikatizwa, au aliyekuwa akizungumza na kucheza kisha akaacha, apelekwe kliniki ya mtoto na mzazi aombe achunguzwe masikio, lugha na makuzi yake kwa ujumla. Asisubiri kuambiwa "ataacha akikua." Mwanao, kwa ulivyomweleza, hayumo kwenye kundi hilo. Anayekaa na bibi yake mpaka jioni kwa ajili ya ng'ombe mwenye pembe moja ana umakini ambao wazazi wengi huniandikia wakiuulizia.